Karatasi za Miguu za Mama Soli

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama una chungu jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka fundi viatu. Ndiyo, fundi viatu. Si waziri, si mwimbaji. Ni mama aliyekalia kigoda kimoja kwa miaka arobaini na moja, nyundo mkononi, misumari midogo mdomoni, akishona viatu vya watu wa mtaa huu. Tulimwita Mama Soli.

Mama Soli alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Tulimzika Alhamisi. Na keshokutwa, Jumamosi, saa moja asubuhi, matembezi yake yatafanyika. Nalirudia hilo kwa sababu simu ya hapa studio haijapumzika tangu juzi. Matembezi yapo. Jumamosi, saa moja asubuhi, mlangoni kwa Mama Soli.

Kwa wewe ambaye huyajui, haya ni matembezi ya kuchangisha fedha. Nusu ya fedha huenda kwa watafiti wa chuo kikuu wanaochunguza maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Nusu nyingine humlipa mshauri nasaha wa pale zahanati, anayewasikiliza watu wanaowauguza wagonjwa hao. Mshauri huyu hana mlipaji mwingine. Matembezi yakifa, chumba chake kinafungwa mwisho wa mwezi huu. Hapo ndipo tulipo.

Sasa turudi nyuma.

Mume wa Mama Soli alikuwa msambaza barua. Kwa miaka thelathini alitembea njia moja, nyumba sabini na nne, mkoba begani. Watu walimwita Mzee Barua. Soli zake alibadilishiwa na mkewe, kila baada ya miezi minne, na kila mara alitaniwa: "Umepita tena kwa yule mama mwenye mbwa, ukatimua mbio. Kisigino kimenisimulia." Mama Soli alizisoma soli kama wengine wanavyosoma gazeti.

Mzee Barua akastaafu. Miaka mitatu baadaye akaanza kusahau. Kwanza miwani, kama sisi sote. Kisha siku za wiki. Kisha binti yake wa pekee. Binti huyo ni mwalimu wa hesabu, na ameniambia hivi: "Baba aliniita dada. Nikamwambia, baba, ni mimi. Akasema, sawa dada, karibu chai. Nikainywa ile chai machozi yananitoka, na yeye ananiuliza nani kaniudhi."

Mama Soli alimuuguza mumewe mwenyewe. Mikono kwenye viatu, jicho kwa mzee. Binti alikuwa akifundisha mbali, anakuja mwisho wa mwezi. Na sasa nafika kwenye jambo ambalo Mama Soli alilisema mwenyewe mbele za watu, kwa hiyo simsengenyi marehemu.

Siku moja ngozi ilimwishia. Alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Akamfungia mumewe ndani kwa kufuli, akaenda dukani. Alikawia saa moja na nusu. Aliporudi alimkuta Mzee Barua amevaa sare yake ya kazi, mkoba begani, vidole vinavuja damu kwa kuukwaruza mlango. Mzee hakugomba. Alimwambia tu, "Nimechelewa kazini."

Lile kufuli Mama Soli alilitupa kwenye pipa la taka siku hiyo hiyo. Mlango wake haukufungwa tena mchana.

Mlango usiofungwa, msikilizaji, unajua unaleta nini. Miaka tisa iliyopita, asubuhi moja baada ya mvua, Mzee Barua akatoweka. Majirani wakakimbilia kituo cha basi. Wengine wakakimbilia sokoni. Mama Soli hakukimbilia popote. Aliinama, akalitazama tope la mlangoni. Soli za mumewe alizikata kwa mkono wake, na kwenye kila kisigino alichonga mistari miwili. Akaifuata ile mistari miwili. Ikampeleka nyumba ya kwanza. Ikampeleka nyumba ya pili. Ya tatu. Hapo akaelewa. Mume wake hakupotea. Mume wake alikuwa kazini.

Na alikuwa na cha kusambaza. Ukitaka kushonewa viatu na Mama Soli, alikuwa akitandika karatasi sakafuni, unakanyaga, anapitisha penseli kuuzunguka mguu wako. Kila mteja na karatasi zake mbili, ya kulia na ya kushoto. Mzee Barua alizisomba karatasi zote za karakana, akazitia mkobani, na kila mlango akapenyeza moja au mbili kwa chini. Mkewe alimkuta mlango wa sabini na nne, amelowa, ana furaha kubwa. "Leo barua zilikuwa nyingi," alisema. Mama Soli alimjibu, "Pole na kazi, baba." Wakarudi nyumbani wameshikana mikono.

Kesho yake ilibidi akazichukue zile karatasi, maana vilikuwa vipimo vya wateja. Nyumba kwa nyumba, hodi kwa hodi. Na kila mlango ilibidi aeleze kwa nini mguu wa mtu asiyejulikana umeingia sebuleni kwao. Akaeleza bila kupepesa macho: mume wangu anaumwa, anasahau. Basi watu wakaanza kushusha sauti. Mmoja akamwambia, hata kwetu yupo. Mwingine akamwambia, mama mkwe yuko chumba cha nyuma, wageni tunawaambia kasafiri. Jioni alimpigia binti yake simu. "Nimekwenda kuchukua karatasi," alimwambia, "nimerudi na wagonjwa kumi na mmoja."

Mwaka uliofuata yakaanza matembezi. Njia ile ile ya Mzee Barua, nyumba sabini na nne, pamoja na kona moja aliyokuwa akiizunguka mara mbili bila sababu. Kila mlango unapenyezewa bahasha yenye karatasi mbili za miguu. Kwenye mguu wa kulia unaandika mtu wako anayesahau. Kwenye mguu wa kushoto unaandika mtu anayemuuguza. Unatia mchango wako, unarudisha bahasha. Majina Mama Soli hakuyataka. "Jina la nini?" alikuwa akisema. "Andika ni nani wako." Kwa hiyo zinarudi zimeandikwa: babu. Shangazi. Mke wangu. Na nyingine zinarudi tupu.

Ubishi ulikuwepo. Wifi yake, dada wa Mzee Barua, alimjia juu. Mwenyewe amenisimulia bila kujitetea: "Nilimwambia, wifi, unatuvua nguo mtaa mzima. Akaniambia, nguo muulize fundi cherehani, mimi nashughulika na viatu." Hawakusemeshana mwaka mzima.

Ubishi mwingine ulikuwa wa fedha ziende wapi. Kikao kilikaa karakanani. Kundi moja likasema zote ziende utafiti, ndiko dawa itakakotoka. Kundi la pili likasema dawa tutaisubiri hadi lini, zote zibaki kwetu tunaouguza. Mama Soli alikuwa akigongelea kisigino, misumari mdomoni. Sauti zilipopanda akaitema ile misumari kiganjani. Akauliza, "Nani kati yenu amekuja hapa na kiatu kimoja?"

Ndipo akawasimulia habari ya kufuli. Yote, mpaka vidole vya mumewe. Akamaliza hivi: "Siku ile ningekuwa na mtu wa kumwambia nimechoka, nisingemfungia mume wangu kama mbuzi. Mguu wa kulia ni utafiti. Wa kushoto ni sisi. Nusu kwa nusu, na mkiniongezea ubishi naongeza bei ya soli." Kikao kikacheka, kikapitisha. Imebaki nusu kwa nusu mpaka leo.

Mshauri nasaha alianza kazi mwaka uliofuata. Chumba kidogo mwisho wa ukumbi wa zahanati, viti viwili na dirisha. Jumatano na Ijumaa. Ananiambia mtu wa kwanza kuketi pale alikuwa Mama Soli mwenyewe. "Alikaa nusu saa akitazama nje dirishani. Kisha akaniambia, mwanangu, kiti chako kina msumari umechomoza. Akaugonga kwa kisigino cha kiatu chake. Halafu akalia. Wiki iliyofuata akarudi."

Na kule chuo kikuu alikuwa akienda kila mwaka, kwa basi, na chupa yake ya maji. Anauliza swali moja tu: "Mmefika wapi?" Mwaka mmoja mtafiti kijana alimwomba radhi, akamwambia dawa bado hawajapata. Mama Soli akamtuliza. "Sikukuuliza kama mmemaliza, mwanangu. Nimeuliza mmefika wapi." Yule kijana akavuta kiti, akamweleza kwa saa nzima. Mama yetu akarudi na maelezo kwenye daftari, akatusomea karakanani, na tuliokuwa hatuelewi alitusomea tena.

Mzee Barua alifariki miaka mitano iliyopita, kitandani kwake, mkono wa mkewe mkononi. Wengi tulidhani matembezi yamekwisha. Mama Soli alipiga moyo konde. Mwaka ule ule alitangulia mbele, na mkoba wa marehemu begani. Nilimuuliza kwa nini hapumziki. Akaniambia, "Mgonjwa wangu amepumzika. Wako je?"

Nilijifanya hamnazo. Nitalirudia hilo.

Jumanne ya wiki iliyopita, jirani alipita kumsalimu akamkuta ameinamia meza ya kazi. Moyo ulisimama. Mkononi ana penseli. Mezani kulikuwa na karatasi za miguu za mwaka huu, zimefungwa mbili mbili kwa uzi wa viatu, kila nyumba na namba yake. Alikuwa amefika nyumba ya sitini na moja. Zilibaki nyumba kumi na tatu.

Ndugu walikaa baada ya mazishi. Wengi walitaka matembezi yaahirishwe. Ni msiba, walisema, watu watatushangaa. Binti aliwasikiliza, kisha akasema, "Mshauri analipwa mpaka mwisho wa mwezi. Mama ameacha nyumba kumi na tatu. Nahitaji miguu." Akatandika karatasi sakafuni, akapiga magoti na ile penseli.

Wa kwanza kusimama alikuwa wifi. Yule yule wa kuvuliwa nguo. Alivua viatu, akashikilia bega la binti ili asianguke, akakanyaga. "Chora, mwanangu," alisema. "Huyu wifi yangu alikuwa mkaidi. Na alikuwa sahihi, lakini msiseme nimesema." Nimelisema redioni, mama, utanisamehe. Kabla jua halijazama zote kumi na tatu zilikuwa tayari.

Kwa binti, pole sana, mwalimu. Kwa wifi, kwa ndugu na jamaa wote, poleni. Kwa mafundi viatu wenzake wa mtaa huu, poleni. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi, na Mungu amlaze mama yetu pema. Kwako unayenisikiliza, nakuomba jambo moja tu leo. Tembea kwa fikra ndani ya nyumba yako, chumba kwa chumba. Nani yumo ambaye wageni unawaambia kasafiri? Na nani anamwosha, anamlisha, na hajaulizwa hali yake tangu mwaka jana?

Ninauliza kwa sababu nimeulizwa. Nyumba namba hamsini na mbili, yenye geti la bluu, imerudisha karatasi tupu miaka sita mfululizo. Mchango ndani, karatasi tupu. Nyumba hiyo ni yangu. Mimi ninayewatangazia matembezi haya kila mwaka kwa sauti nzuri.

Miaka miwili iliyopita nilimpelekea Mama Soli viatu vya kike. Nikamwambia ni vya ndugu yangu wa mbali. Akavigeuza. Akapitisha kidole kwenye soli. "Vimelika mbele tu," alisema. "Huyu haendi mbali. Anaburuza miguu akizunguka chumbani." Hakuniuliza zaidi. Nilipokwenda kuvichukua vilikuwa na soli mpya, laini, zisizoteleza, na ndani ya kiatu cha kushoto kulikuwa na kipande cha karatasi: Mshauri nasaha, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa nne. Nilikikunja nikakitia mfukoni. Sikwenda.

Jana, Jumatano, nilikwenda. Kiti hakina msumari. Na bahasha yangu mwaka huu sikusubiri ipenyezwe. Niliifuata kwa binti, ninayo hapa mezani, karibu na kipaza sauti, na nimeshaijaza.

Mguu wa kulia nimeandika: Mama.

Mguu wa kushoto nimeandika: Mimi.

Tukutane Jumamosi, saa moja asubuhi, mlangoni kwa Mama Soli. Vaeni viatu vya kutembelea.