Habari za Pettway Ndani ya Basi la Changwon

Marlon Pettway alikuwa ameichezea timu ya mpira wa kikapu ya Changwon, Korea Kusini, miaka saba, na Kikorea alikielewa vizuri. Asubuhi hiyo alipanda basi kwenda mazoezini, amejifunika kofia ya koti. Mbele yake walikaa mzee mmoja na mama muuza kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili.

"Umesoma?" mzee alisema, akionyesha simu. "Timu imemwacha yule Mmarekani wetu."

Nyuma yao, Pettway akasogea asikie vizuri. Hakuna aliyemwambia.

"Pettway? Acha utani, mzee! Juzi tu kafunga pointi thelathini na moja!"

"Goti limekwisha, mama. Anachechemea."

"Hata wewe unachechemea, mbona mkeo hajakuacha?" Abiria wakaangua kicheko. "Nilipolazwa, Pettway aliniletea uji hospitalini. Ni wa hapahapa!"

"Uji hauleti ushindi."

Basi likasimama mbele ya ukumbi wa mazoezi. Pettway akainuka. Mama akamtambua, akaziba mdomo kwa viganja.

"Umesikia yote, mwanangu?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, mzee, mwambie mwenyewe sasa!"

Mzee akaificha simu mfukoni. Mlango ukafunguka, Pettway akashuka kwenda kumuuliza kocha kama ni kweli.