Emérance na mikono ya kaka yake

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe nyumbani mwenu, hapa Likasi na huko Kapolowe mnakotusikia. Leo tunamkumbuka Emérance, fundi cherehani, miaka ishirini na sita. Emérance alikuwa na kifafa. Kifafa, wapendwa, ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizi.

Kilimpiga tangu utotoni. Kilimtupa juu ya mbabula, jiko la makaa, mkono ukaungua hadi kiwiko. Kilimbamiza ukutani, meno mawili yakang'oka. Naye akiamka, anatania: "Kinaninyanganya meno, lakini mudomo hapana."

Kaka yake, Ghislain, alimpenda kuliko wote. Ghislain anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Kule, mpira wa kupitishia hewa ya mashine ukichomoka hupigapiga huku na huku, unaweza kuvunja mguu wa mtu. Mwenye nguvu huulalia kwa mwili mzima mpaka mwenzake afunge hewa. Ghislain aliwahi kuokoa watu watatu hivyo. Alidhani mwili wa dada yake nao hushindwa hivyo.

Mdogo wao, Tina, alikuwa amefundishwa na muuguzi: usimbane, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, tazama saa. Zikizidi dakika tano, mkimbize hospitali.

Jumamosi ile adhuhuri, Emérance alianguka uani. Tina akaondoa viti, akamgeuza ubavu, akatazama saa. Ghislain akaja mbio.

"Muntu anakufa, weye unaangalia saa?"

Akamsukuma Tina. Akamgeuza dada yake chali, akapenyeza kijiko katikati ya meno. Jino likakatika, damu ikajaa kinywani. Kisha akamlalia kifuani. Tina alimpiga mgongoni kwa ngumi, akimsihi kaka yake: "Yaya, toka. Mugeuze upande." Ubavu wa Emérance ukalia, umevunjika. Ghislain akakaza.

Emérance akatulia. Ghislain akainuka akitweta, akafuta jasho, akamtuma Tina maji ya kumnawisha dada. Alidhani ameshinda.

Tulimzika Jumanne. Poleni sana, Mama Marceline uliyemzaa Emérance, Tina na ukoo wote. Ghislain mwenyewe ametuomba tuyaseme haya redioni. Maneno yake ni haya: "Bantu banasema Mungu ndiye alimutwaa. Hapana. Ni uzito yangu. Mubaambie."

Mungu ampokee Emérance, na amshike Ghislain. Nanyi wapendwa mnaoishi na mgonjwa wa kifafa, leo hii tazamaneni: nani mwenye nguvu kuliko wote nyumbani? Huyo ndiye mumfundishe kwanza.