Kaburi la Usangu na Meza za Nyanya za Ilula: Risala ya Mawakili wa Ardhi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jaji Mstaafu Verediana Kikoti. Mwenyekiti wetu, Wakili Tumpe Mwakajila. Wathamini, wapimaji na maafisa ardhi mliokubali kukaa meza moja na sisi. Mabibi na mabwana: kamwene! Na kwa wenzetu waliotoka Mbeya: mugonile!

KARIBU

Mheshimiwa, sisi wanachama wa Jukwaa la Mawakili wa Ardhi na Fidia, Mbeya na Iringa, tumefurahi mno kukuona. Tuliambiwa umeacha parachichi zako Kilolo zikiwa ndiyo kwanza zinachumwa, tukaogopa usingekuja. Wengi wetu tuliwahi kusimama mbele yako mahakamani, na baadhi yetu ulitukemea. Hao ndio waliowahi viti vya mbele leo.

TULIKOTOKA

Jukwaa hili lilianzia kwenye tope la Usangu, msimu wa mvua, kati ya mawakili wawili ambao hawakupendana hata kidogo.

Wakili Tumpe alikuwa akimtetea Bi. Mbuke, mjane wa familia ya wafugaji iliyohamia Usangu kutoka Usukumani. Wakili Adrian Ngailo wa Iringa alisimamia mradi wa mfereji wa umwagiliaji. Mfereji ulichorwa kupita juu ya kaburi la mume wa Bi. Mbuke. Mradi ukamwandikia kwamba fidia iko tayari. Mama akagoma kuipokea. Mahakamani mawakili wetu walikuwa wakiitana "msomi mwenzangu" kwa sauti ambayo ungedhani ni tusi.

Siku ya kwenda kuliona eneo, gari la Tumpe liligoma kuwaka. Ikabidi apande la Adrian, akaketi kiti cha nyuma. Mbele kidogo gari la Adrian nalo likazama. Wakavua viatu, wakatembea. Walipofika kwa Bi. Mbuke walikuwa tope hadi magotini. Mama akawapa maji ya kunawa, akawaletea maziwa, akawatazama.

"Nyie mnajuana?"

"Tunajuana mahakamani, mama," Adrian akajibu.

"Basi hamjuani."

Adrian akamwomba Tumpe ruhusa ya kumuuliza mteja wake swali moja. Tumpe akakubali. "Mama, fidia unaikataa kwa nini?"

"Baba, mfereji siukatai. Hata mimi nataka maji. Lakini mmeniletea karatasi tu. Hakuna aliyekuja kuniuliza mzee wangu alale wapi. Wewe baba yako utamhamisha kwa karatasi?"

 Baba yake Adrian mwenyewe alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Na kusema kweli, hakuna kati yao aliyewahi kushughulikia suala la kaburi. Basi akampigia Wakili Rozalia Sanga wa Kilolo, ambaye alikuwa amesimamia uhamishaji wa makaburi kwenye mradi wa tangi la maji. Akaweka sauti ya juu ili mpinzani wake naye asikie.

"Sheria tutaifikia," Rozalia akasema. "Kwanza niambieni, mhandisi anasemaje? Ni lazima apite hapo?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Wiki iliyofuata, Mhandisi Gerson alifika, akaongozana na Bi. Mbuke hadi kaburini. "Kwenye ramani hapa ni shamba tupu," akasema, huku amevua kofia. "Ningejua, ningekunja mapema." Akakunja mfereji. Kesi ikaondolewa mahakamani, na leo Bi. Mbuke analima mpunga kwa maji ya mfereji ule ule.

Siku ile ya tope, wakati ndugu za Bi. Mbuke wakilisukuma gari, Tumpe alimwambia Adrian, "Msomi mwenzangu, wako wangapi kama Rozalia ambao hatuwajui?" Wakaanza kuwatafuta.

TULIPOFIKIA

Leo tuna kundi la WhatsApp ambamo wakili aliye peke yake wilayani anauliza asubuhi na kujibiwa kabla ya chakula cha mchana. Sharti letu ni moja: sheria tunaijadili wote, siri ya mteja haiingii kundini. Tuna maktaba ya hukumu za utwaaji wa ardhi katika chumba cha wageni nyumbani kwa Mwenyekiti, Ilomba, na mama yake haruhusu mtu kufungua kabati kabla hajala. Wathamini hutufundisha wanavyokadiria mazao na majengo. Nasi huwafundisha kwa nini tunawabishia.

YANAYOTUSUMBUA

Mheshimiwa, tunaitwa tumechelewa. Mwananchi anakuja kwetu alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikiwa tayari ukutani, na mradi unakuja kwetu watu wakiwa tayari wamekasirika. Hapo kila upande umeshaapa kutorudi nyuma.

Pia tunaogopewa tukipatana. Mteja mmoja alimkuta wakili wake akila mahindi ya kuchoma na wakili wa upande wa pili, akalia kwamba ameuzwa. Ilibidi naye anunuliwe hindi, akae hapo hapo, asikie walichokuwa wakizungumza. Walikuwa wakizungumzia mpira.

TUNACHOOMBA

Tunakuomba uwe mlezi wetu. Lakini tuna ombi jingine, na hilo ndilo limetufanya tukualike wiki hii.

Ilula kuna mpango wa kupanua kituo cha mabasi. Nafasi inahitajika kweli; abiria wanashukia barabarani, na tumeshazika watu. Lakini pale pale ndipo zilipo meza za akina mama wanaouza nyanya na mboga kwa wasafiri. Mmoja wao alimwambia Wakili Helena, anayewawakilisha, "Wakinilipa meza wakanipeleka nyuma, dada, abiria ataniona saa ngapi?" Helena akalipeleka swali hilo upande wa pili. Wakili Gideoni, anayeishauri halmashauri, alikiri kwamba hata yeye hana jibu.

Wote wawili wako humu ukumbini, wameketi pamoja. Rangi nyekundu bado haijapakwa. Wateja wao wamekubali kuzungumza, ila kila upande ulitaka mtu wa kati unayemwamini. Helena aliuliza upande wake, Gideoni akauliza wake. Pande zote mbili zikataja jina lako.

Mheshimiwa, kesho asubuhi wanakutana Ilula. Tunakuomba uwakalie kiti cha usuluhishi. Sisi tunaishi kwa kesi, na hii ingetulisha muda mrefu. Hata hivyo tumekuja mbele yako kuomba isifunguliwe.

Mungu akujalie afya njema, awabariki wanaouza Ilula na wanaopita Ilula, na awape wote mahali pa kusimama.

Ni sisi,
Jukwaa la Mawakili wa Ardhi na Fidia, Mbeya na Iringa

Imesomwa kwa niaba yao na Katibu, Wakili Anyelwisye Mwambene