Maisha ya Mama Marie-Jeanne Kahongya, Mupimaji wa Alarme za Moto wa Butembo (1974–2025)

Ndugu wapendwa, majirani, wachuuzi wa Butembo, na ninyi mliofika kutoka Beni: mama huyu tunayemusindikiza leo alizaliwa Musienene tarehe 14 Mei 1974. Alikuwa mutoto wa tatu wa Mzee Eliezer na Mama Léa, walimaji wa maharagi na viazi. Jina Kahongya alipewa kwa heshima ya koko yake mwanamuke, ndiye bibi yake.

Shule ya msingi aliisomea palepale Musienene, kisha akashuka Butembo kusoma umeme katika shule ya ufundi. Siku hizo wasichana katika darasa lile walikuwa wawili tu. Baba mudogo wake hakufurahi. Alisema, "Mutoto mwanamuke atapanda ku poteau ya umeme namna gani?" Mzee Eliezer akamujibu, "Courant haiangaliake mutu kama ni mwanaume ao mwanamuke. Muache asome." Akasoma, na mwaka 1994 akapata diploma ya Serikali. Baba yake alitembea na diploma ile ndani ya koti siku nyingi, akiwaonyesha watu sokoni hata wale wasiomuuliza.

Tarehe 2 Agosti 2003 alifunga ndoa katika kanisa katoliki hapa Butembo na Bwana Hippolyte Syauswa, mwalimu wa hesabu kutoka Kanyabayonga. Wasimamizi wa ndoa yao walikuwa Mzee Mathe, mufanyabiashara, ndiye parrain wao, na mke wake Mama Agar. Mungu aliwajalia watoto watatu: Élysée, Shekinah na Hénock. Nyumbani Marie-Jeanne alikuwa mwenye kucheka na mwenye usingizi muzito kuliko wote. Siku moja mchana Shekinah aliunguza beignets jikoni, na alarme ya nyumba ikalia mpaka majirani wakakuja na ndoo za maji. Marie-Jeanne, ambaye ndiye aliyeiweka alarme ile, alikuwa amelala kwenye kiti sebuleni, na hakuamuka. Hippolyte alipomutikisa, aliuliza tu, "Chakula imeisha kuiva?" Familia ingali inacheka mpaka leo.

Miaka mingi alifunga umeme katika maduka ya muji. Butembo ilikuwa inapanda juu, etaji juu ya etaji, na yeye ndiye aliyeanza kujiuliza watu watatoka namna gani siku moto utakapoingia. Mwaka 2009 alikwenda Kampala kujifunza kazi ya alarme za moto, na mwaka 2012 akafungua bureau yake pamoja na fundi Kitsa. Walizunguka galeries, yale majengo ya maduka mengi, dépôts za bidhaa na hoteli za Butembo na Beni. Walipuliza moshi chini ya kila détecteur, kile chombo kinachonusa moto, wakapima betri na sirène, wakaangalia milango ya kutokea. Jengo likiwa sawa, alisaini cheti ambacho watu wa bima wanaomba. Lisipokuwa sawa, hakusaini.

Mwaka 2014 alipima alarme ya galerie ya Mzee Mathe kwa mara ya kwanza. Sirène ilipolia, watu hawakuwaza moto. Waliwaza kwamba wenye silaha wameingia muji. Wengine walilala chini ya meza, wengine wakakimbia wakisukumana, na Mama Antoinette, muuzaji wa viatu wa etaji ya tatu, akaanguka kwenye ngazi na kuvunjika mukono. Marie-Jeanne alimupeleka hospitali yeye mwenyewe, akarudi kumuangalia mpaka mukono ukapona. Ni kwenye kitanda cha hospitali Antoinette alimuambia, "Mama, sisi tukisikia kelele tunawaza vita. Ungeanza kutuambia."

Neno hilo lilibadilisha kazi yake. Tangu siku ile hakuwahi kuliza sirène bila kupita kwanza meza kwa meza, na bila kuomba tangazo kanisani. Aliwasikilizisha watu mulio wenyewe katika simu yake, akawaambia, "Vita, unajificha. Moto, unatoka. Ukisikia hii, hapana kulala chini. Acha bintu, toka." Huko Beni, ambako masikio ya watu yamechoka zaidi, alikaa nao muda murefu, akanywa nao chai, na hakupima mpaka wao wenyewe wamuambie wako tayari.

Mwaka 2017 wezi waliingia galerie ya Mzee Mathe usiku, naye akafunga mulango wa nyuma kwa chuma na kufuli. Marie-Jeanne alipofika kupima, akakataa kusaini. Mzee Mathe aliona kama tusi.

"Ni mimi nilikusimamia mbele ya padiri," alimuambia. "Leo unanifungia kazi?"

"Ndiyo, parrain, na sijasahau. Mais batu ya juu batapitia wapi?"

Mzee alichukua kazi ile na kuipa wengine, na wafanyabiashara wenzake wakamufuata. Ulikuwa mwaka mugumu. Siku za Mungu walipishana mulangoni mwa kanisa bila salamu, na Marie-Jeanne alirudi nyumbani akilia, kwa sababu alimupenda Mzee Mathe kama baba. Lakini hakusaini. Aliyemaliza neno hilo ni Mama Agar, ambaye yeye pia alikuwa na meza ya vitenge katika etaji ya tatu. Alimuambia mume wake mezani, "Donc mimi nikiungua, utafungua kufuli ya kunizika?" Kesho yake Mzee Mathe alileta fundi wa chuma. Wakaweka mulango ambao mutu wa ndani anausukuma na mwizi wa inje hawezi kuufungua. Kisha akakwenda kwa Marie-Jeanne kwa miguu, na walikula pamoja.

Tarehe 18 Februari 2022, mchana, soko likiwa limejaa, jenereta iliwasha moto katika galerie ile. Alarme ililia. Hakuna aliyelala chini. Mama Antoinette aliongoza wanawake wa etaji ya tatu kupitia mulango wa nyuma, watoto migongoni. Marie-Jeanne alikuwa njiani kutoka Beni, gari limefika Kalunguta, simu ilipoita.

"Marie-Jeanne, galerie inaungua," Mzee Mathe alisema.

"Na batu?"

"Batu bote balitoka. Bote, mwanangu."

Alimuomba Kitsa asimamishe gari. Akashuka, akakaa kwenye majani kando ya njia, akalia kwa sauti huku akimushukuru Mungu. Bidhaa nyingi ziliteketea, lakini hakuna familia iliyopanga matanga.

Mwezi wa Juni 2024 alianza kuumwa tumbo. Ni majuma yaleyale ambayo nyumba yake ilijaa ndugu za mume wake waliokimbia vita Kanyabayonga, naye aliendelea kuwapikia. Waganga wa hospitali ya Kampala waliona kansa ya ini. Alitibiwa, akarudi, akapima majengo tena mpaka Machi 2025, alipomukabidhi Kitsa bureau. Katika siku za mwisho Hippolyte alimuuliza kama anaogopa. Akamujibu, "Siogope. Nasikia tu uchungu ya kubaacha." Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Oktoba 2025, mukono wake ukiwa ndani ya mukono wa mume wake. Alikuwa na miaka 51.

Ameacha mume, Hippolyte Syauswa. Watoto, Élysée, ambaye anasoma umeme, Shekinah na Hénock. Mama yake muzazi, Léa. Ndugu zake, wasimamizi wake wa ndoa, na wafanyakazi wa bureau yake.

Mama Léa, ambaye miguu yake haimuruhusu kusimama mbele yenu, ameomba tumuagie binti yake kwa Kinande, luga aliyomulea nayo: Wasingya kutsibu, Marie-Jeanne. Asante sana. Umefanya kazi, na sisi tumeiona. Bwana akupokee, upumzike katika amani yake. Amina.