Mama Apeduno Aliyejishonea Magunia

Padre, wazee wetu, kina mama wa bondeni na majirani wote mliofika hapa Adungosi, familia imetutuma tuwasomee maisha ya mama yetu Apeduno, nasi tutayasoma jinsi yalivyokuwa, maana yeye hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 kijijini Moding, binti wa tatu wa mzee Emuron, akasoma shule ya msingi huko huko mpaka darasa la saba mwaka 1976, na ingawa alipita mtihani, karo ilienda kwa kaka yake, naye akashika jembe bila kununa, ila hakusahau. Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na mzee Okiria katika kanisa Katoliki la Amagoro, wakajaliwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Akwii na kitinda mimba Ekisa.

Mwaka 1986 walianza kulima mpunga, na desturi ya bondeni mnaijua, mama hupanda, hupalilia, huamia ndege tangu alfajiri, huvuna, hupura na hupeta, halafu gunia likijaa baba huja na shazia, ile sindano ndefu, anashona mdomo, na kuanzia mshono huo mpunga unaitwa wa baba, anaupeleka Malaba na kurudi na habari tu. Julai 1994 mama Apeduno alitoa shazia aliyojinunulia, akashona magunia yake mbele ya shemeji zake, na mzee Okiria alipouliza ni nani amemfundisha kazi ya wanaume, alimjibu kwamba gunia lenyewe halijauliza. Mzee alisusa hata chai yake, wenzake wakamwambia amerogwa, lakini mama alishikilia kwamba mkono uliopeta ndio utakaouza, akawa anamuuzia Mama Maimuna, mfanyabiashara wa mchele mjini Busia, na kwa mpunga huo watoto wote watano, wasichana kwa wavulana, walimaliza sekondari.

Mwaka 2021 alipatikana na ugonjwa wa moyo, madaktari wakamkataza kuinama na kubeba, na kwa kuwa mpunga ulikuwa umeshapurwa, mzee Okiria alichukua ungo, akajificha nyuma ya nyumba, akapeta vibaya mpaka kuku wakanenepa. Mama alipogundua alimwita aje mbele, akamwambia huko nyuma hakuna upepo na aibu haipeti mpunga, lakini mzee hakuja, misimu yote iliyofuata alipeta kwa kujificha, na jambo hilo lilimuuma mama kuliko maradhi, kwani alitamani kabla hajafa amwone mume wake akiifanya kazi hiyo watu wakitazama.

Aliaga dunia tarehe 19 Januari 2025, saa tisa alasiri, hospitalini Busia, na hatufichi kwamba tumeumia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliokesha nasi, kina mama wa chama chake cha mpunga, na Mama Maimuna aliyefika tangu jana. Baada ya maziko tafadhali msiondoke, kuna chakula, na mpunga wa wali mtakaokula, kabla haujapelekwa mashineni, ulipetwa Jumatano mchana, hapa mbele ya nyumba, wazee wa rika lake wakiwa wamekaa wanatazama, na aliyeupeta ni mzee Okiria mwenyewe, ambaye alikataa kusaidiwa. Mama hakumwona, ndiyo maana tunamwambia leo.

Mama Apeduno, mke wa Okiria, pumzika kwa amani.