Unga wa Mawe kwa Injini ya Naftali

Tangu asubuhi mashine ya Naftali ya kukamua alizeti ilikuwa imezimwa, na hapa Ulemo kijijini hakuna nyingine. Magunia ya watu yamejaa barazani mpaka kuku wamepata pa kutagia. Ikiwashwa, injini inatoa moshi wa bluu na kubugia oili kama ng'ombe aliyetoka malishoni na kiu. Basi Naftali akaja kwenye benchi la kahawa na kipakiti alichouziwa mnadani, unga wa mawe. Eti unachanganywa na oili, unaziba mikwaruzo ya chuma. Alitaka kujua jambo moja tu, aweke au asiweke, maana injini ikifa msimu huu hana ya pili. Masikini, alikuja kuuliza mahali pabaya.

— Weka, alisema Gasto, wanayemwita Profesa kwa kuwa hakuna asichokijua. Unga ukipata joto unajishika kwenye chuma, unaota ngozi mpya.

— Ngozi?

— Si kidonda nacho kinaota?

— Profesa, injini haina damu.

— Sasa oili ni nini?

Naftali akaunguza ulimi kwa kahawa. Sixbert wa bodaboda, maarufu kama Tochi, akadakia.

— Mi nasikia ukiweka huo, injini inapiga kazi bila oili kabisa.

— Basi na dizeli tuache.

— Hiyo bado wanaifanyia utafiti.

— Tochi, nina alizeti ya watu pale.

— Kwanza mawe yenyewe ya wapi? Profesa akauliza. Tusage ya hapa kwetu Iramba, yana dhahabu. Silinda itavaa dhahabu ndani kwa ndani, utazikwa uiache inanguruma.

— Jamani mnanichosha, alisema Naftali, na kichwa kilikuwa kinamgonga kweli.

Hapo akafika Leah, mwenye magunia mawili kati ya yale ya barazani.

— Shikamoo baba. Mbona kimya leo mashineni?

— Marahaba. Injini inaumwa, hawa ndio madaktari.

Akamweleza habari ya unga. Leah akazitazama pikipiki mbili zilizoegeshwa pembeni, ya Profesa na ya Tochi.

— Kwani ninyi mmeweka kwenye zenu?

Naftali akamsogezea Profesa kipakiti.

— Yangu bado nzima, Profesa alisema.

Akamsogezea Tochi.

— Yangu ya tajiri, Naftali. Ikifa namwambia nini?

— Na yangu mimi ikifa, Naftali akauliza, huyu Leah nimwambie nini?

Wakainamia vikombe, ambavyo kahawa yake ilishakwisha zamani.