Barua ya Thadeo Niliyochelewa Kuijibu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Polikarp Ndunguru, mdogo wake marehemu, na mengi ya haya nimeyapata juzi kwa jirani yake, jambo ambalo ni aibu kwangu.

Kaka Thadeo alizaliwa Litembo, Mbinga, tarehe 28 Oktoba 1957, akasoma hapo hapo hadi 1971, akamaliza sekondari hapa Songea mwaka 1975, akawa karani serikalini hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1994. Tarehe 11 Juni 1983 alifunga ndoa na Verediana, hawakujaliwa mtoto, na shemeji alipofariki mwaka 1999 kaka alibaki peke yake Majengo, chumba kimoja, sahani moja.

Mwaka 2002 aliajiriwa na duka la jumla la dawa, mojawapo ya haya yaliyofunguliwa watu binafsi waliporuhusiwa kuuza dawa, akajifundisha kompyuta, akaandika programu ya kupeleka maombi ya dawa kwa njia ya simu hadi kwenye seva, ile kompyuta kuu ya Dar es Salaam, kila ombi likibeba jina lake, neno la siri na saa lilipotumwa, maana seva ilikataa ombi lililochelewa zaidi ya robo saa. Sasa jamani, saa mbili asubuhi kaka aliitegesha saa ya kompyuta 2:00, kama mama alivyotufundisha kuhesabu saa, kumbe kwa kompyuta hiyo ni 8:00, seva ikaona kila ombi limekaa njiani saa sita, ikakataa siku tisa mfululizo, dawa za malaria zikaisha dukani, naye akihangaika na neno la siri, mpaka mwenzake Edwin alipoitazama ile saa akacheka hadi akakaa chini. Siku hiyo, tarehe 14 Machi 2003, seva ilijibu kwamba ombi limepokelewa, na kaka akamwambia jirani yake, mama Brigita, kwamba ndugu zake wana miaka minne hawajamjibu, leo angalau mashine imemjibu.

Barua alituandikia kila Krismasi na kila Pasaka, ya mwisho ilikuwa ya Agosti 2004, baada ya kuambiwa figo zimeharibika, akiniomba nije tukae hata siku mbili, nami nikaisoma nikiwa Makambako, nikaiweka kabatini, nikasema nitajibu biashara ikipoa. Alifariki tarehe 9 Novemba 2004, saa kumi alfajiri, mama Brigita akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Majengo, na wafanyakazi wenzake, hasa Edwin, mlimfanyia yaliyotupasa sisi.

Kaka, barua yako ninayo hapa mfukoni, nimekuja, nimechelewa miezi mitatu. Nenda ukapumzike kwa amani ya Mungu, na siku yangu ikifika, nipokee hivyo hivyo nilivyochelewa.